Ndizi zimeiva kupita kiasi: mkate, keki, keki za vikombe au biskuti?

Ndizi iliyojaa madoa meusi haivutii kuila hivihivi, lakini kwenye oveni ndiyo inayotafutwa. Kinachosumbua ni uamuzi. Mkate wa ndizi, keki ya ndizi ya siagi, keki ndogo za vikombe na biskuti za oti vyote hutokana na ndizi ileile, ila havidai kiasi kimoja cha ndizi, havichukui muda mmoja, na kila kimoja kina mahali pake pa kuharibikia. Wengi huchagua kwa kutazama picha, kisha wanashangaa mkate umebaki mbichi katikati au keki imelala. Ni afadhali kuchagua kwa kutazama ndizi zilizopo, muda uliopo na vyombo vilivyomo jikoni.

Anza na ndizi yenyewe

Ndizi mbichi ina wanga mwingi, karibu moja ya tano ya uzito wa nyama yake. Inavyoendelea kuiva, wanga huo hugeuka sukari mpaka ukabaki kidogo sana, huku nyama ikilegea na harufu ikiongezeka. Kwa hiyo ndizi za chane moja, zikiokwa leo na zikiokwa siku nne baadaye, hazitoi kitu kimoja hata vipimo vingine vikiwa sawa.

Kwa mwokaji, hatua zinazohusika ni tatu. Ya kwanza ni ndizi ya njano yenye madoa machache: ni tamu lakini bado ngumu kiasi, ukiiponda inabaki na mabonge, na harufu yake hupotea ikichanganywa na unga mwingi. Ya pili ni ile ambayo madoa yamefunika nusu ya ganda au zaidi. Hii inapondeka kwa uma bila shida na inafaa karibu kila kitu. Ya tatu ni ndizi ambayo ganda lake ni jeusi lote na nyama imelegea kabisa. Ina ladha kali kuliko zote, lakini pia inatoa maji mengi, na maji hayo ndiyo yanayoamua kama keki yako itasimama au italala.

Ganda jeusi peke yake si dalili ya kuoza, na sehemu ya kahawia ndani mara nyingi ni mahali ndizi ilipogongwa. Kinachopaswa kutupwa ni ndizi yenye ukungu, inayovuja majimaji, iliyoingia wadudu, au inayonuka pombe kali au siki. Kuoka hakuiponyi ndizi ya namna hiyo.

Jambo linalofuata ni uzito, na hili lina faida kubwa kuliko kununua chombo chochote kipya cha kuokea. Maelekezo mengi husema "ndizi tatu". Ndizi ya wastani bila ganda ina gramu 100 hadi 120, ila kubwa hufika 150. Ndizi tatu basi zinaweza kuwa gramu 300 au 450. Kwa kuwa karibu robo tatu ya ndizi ni maji, tofauti hiyo ya gramu 150 inaingiza zaidi ya gramu 100 za maji ambayo unga wako haukupangiwa. Ponda kwanza, pima baadaye. Kama huna mizani, kikombe cha mililita 240 kilichojaa ndizi iliyopondwa ni takribani gramu 225.

Vigezo vya ulinganisho

Tumevipima vitu vyote vinne kwa mambo yaleyale: kiasi na hali ya ndizi inayohitajika, vipimo na kazi yenyewe, unachopata mdomoni, makosa yanayotokea na sababu zake, namna kinavyotunzika, na mtu anayefaa kukichagua. Vipimo vya vijiko ni vya kusawazisha kwa kisu, si vya kurundika. Joto ni la oveni ya kawaida isiyo na feni; yenye feni ipunguzie nyuzi 20. Ukitumia chombo cheusi au cha kioo, punguza nyuzi 15, maana vyombo hivyo huunguza pembeni kabla katikati hapajaiva.

1. Mkate wa ndizi

*Ndizi.* Gramu 350, ambazo ni tatu hivi kubwa kiasi. Hapa ndipo ndizi nyeusi kabisa zinapata kazi. Mkate huu unavumilia unyevu, na ladha kali ya ndizi iliyoiva mno haifichwi na siagi wala urembo wa juu.

*Vipimo na kazi.* Unga wa ngano gramu 250, bekingi soda kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko 1 cha chai ukipenda. Kwenye bakuli la pili: ndizi iliyopondwa, sukari gramu 150, mayai 2, mafuta ya kula mililita 120. Chombo kirefu cha sentimita 23 kwa 13, kilichopakwa mafuta na kutandikwa karatasi ya kuokea. Oveni nyuzi 175 za Sentigredi, dakika 55 hadi 65.

Koroga vitu vya maji mpaka sukari ianze kuyeyuka, mimina juu ya unga, kisha geuza kwa mwiko mpana kutoka chini kwenda juu. Acha mara tu unga mkavu usipoonekana tena. Rojo lenye mabonge madogo liko sawa. Likiwa laini limenyooka kabisa, ujue umeshapitiliza.

Bekingi soda haikuwekwa hapa kwa mazoea. Soda inahitaji tindikali ili itoe hewa, na ndizi ina tindikali kidogo inayoiamsha. Soda pia husaidia mkate kushika rangi ya kahawia iliyokolea, jambo ambalo bekingi poda haifanyi kwa kiwango hicho. Lakini inaanza kufanya kazi dakika ileile inapokutana na ndizi, kwa hiyo oveni iwe imeshapata moto kabla hujachanganya. Rojo lililokaa nusu saa mezani limeshapoteza sehemu ya hewa yake.

*Unachopata.* Kipande kizito kiasi, chenye unyevu, ganda la juu lililokaza na harufu ya ndizi iliyo wazi. Kwa sababu kimetengenezwa kwa mafuta, kinabaki laini hata kikipoa, tofauti na keki ya siagi ambayo hukaza kwenye baridi.

*Kinachoharibika.* Lalamiko kubwa ni utepe mzito, unaong'aa na wenye unyevu kama haujaiva, chini ya mkate. Sababu ya kawaida ni ndizi nyingi kupita kipimo. Ya pili ni kutoa mkate mapema. Kuongeza ndizi ya nne "isiharibike" ndiko kunakoharibu mkate mzima. Gandisha hiyo ya nne.

Mkate unaotafunika kama mpira, wenye vishimo virefu ndani, umekorogwa mno. Unga wa ngano ukishalowa na kusuguliwa hujenga nyuzi za gluteni. Zinatakiwa kwenye mkate wa hamira, hapa zinakaza.

Kijiti nacho kinaweza kudanganya. Kikigusa bonge la ndizi hutoka na unyevu hata mkate ukiwa umeiva, na kikipita kwenye shimo la hewa hutoka kikavu hata ukiwa mbichi. Choma sehemu mbili au tatu katikati. Mwenye kipimajoto cha chakula asubiri nyuzi 93 hadi 96 katikati ya mkate. Hicho ndicho kipimo cha kuaminika zaidi. Juu pakianza kuwa peusi kabla ya dakika 45, funika kwa karatasi ya foili bila kuibana. Mpasuko wa katikati si kosa: ganda la juu hukauka kabla ndani hapajamaliza kuumuka, hivyo mkate hutafuta njia ya kupandia.

Ladha ya sabuni au uchungu inatokana na soda iliyozidi au isiyochanganyika vizuri na unga. Ichekeche pamoja na unga.

*Kutunza.* Uache ndani ya chombo dakika 10, kisha uhamishie kwenye waya wa kupoozea. Ukiuacha umo, mvuke hugeuka maji na kulowesha sehemu ya chini. Usikate ukiwa moto, maana ndani bado panajikaza na kisu kitapaburuta. Siku ya pili ladha huwa imetulia na vipande hukatika safi. Ukifungwa vizuri hukaa siku 3 hadi 4 mahali pasipo na joto kali.

*Unamfaa nani.* Mwenye ndizi nyingi zilizoiva sana, asiye na mashine ya kukorogea, na mwenye zaidi ya saa moja na nusu mpaka kukata kipande cha kwanza. Haumfai mwenye wageni wanaobisha hodi baada ya dakika arobaini.

2. Keki ya ndizi ya siagi

*Ndizi.* Gramu 250, yaani mbili kubwa, za hatua ya pili. Ndizi nyeusi kabisa inawezekana ila kwa masharti: iweke kwenye chujio juu ya bakuli dakika 15, chukua maji yaliyotoka uyachemshe kwenye sufuria ndogo mpaka yabaki nusu, yaache yapoe, kisha yarudishe kwenye ndizi. Unapunguza maji, utamu na ladha vinabaki.

*Vipimo na kazi.* Siagi laini gramu 125, sukari gramu 150, mayai 2 yasiyo ya baridi, unga gramu 225, bekingi poda kijiko 1 na nusu cha chai, bekingi soda robo kijiko cha chai, chumvi kidogo, mtindi mililita 60, vanila. Chombo cha duara cha sentimita 20 chenye kina. Oveni nyuzi 175, dakika 40 hadi 50.

Kazi ya keki hii iko mwanzoni. Siagi ikandamizwe kwa kidole iache alama bila kung'aa mafuta. Hiyo ni karibu nyuzi 18 hadi 20. Ipige na sukari kwa mashine dakika 4 hadi 5, au kwa mwiko wa mbao dakika 10, mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Punje za sukari zinatoboa siagi na kuijaza vijipovu vya hewa, na vijipovu hivyo ndivyo bekingi poda itakavyovipanua ndani ya oveni. Poda haitengenezi vijipovu vipya, inakuza vilivyopo. Anayeruka hatua hii hawezi kuifidia kwa kuongeza poda.

Tia yai moja, piga likolee, ndipo utie la pili. Kisha weka unga mara tatu, ukipishanisha na ndizi na mtindi, ukianza na kumaliza kwa unga.

*Unachopata.* Keki nyepesi, yenye vitundu vidogo vinavyolingana, ladha ya siagi ikiwa mbele na ya ndizi ikifuata. Ndiyo pekee kati ya hizi nne inayobeba vizuri krimu au urembo wa juu.

*Kinachoharibika.* Mchanganyiko kukatika, yaani siagi kujitenga vipandevipande kwenye majimaji. Hutokea mayai yakiwa ya baridi au ndizi ikitiwa yote kwa mkupuo. Tia kijiko kikubwa kimoja cha ule unga uliopima, uendelee kupiga. Kwa kawaida hurudiana. Usipourekebisha, keki itaiva lakini itakuwa na vitundu vikubwa na mafuta pembeni.

Keki inayobonyea katikati ina sababu chache: poda iliyozidi, mlango wa oveni uliofunguliwa kabla ya theluthi mbili za muda kupita, au kutolewa mbichi. Inayotoka fupi na nzito mara nyingi ni siagi iliyokuwa imeyeyuka. Siagi ya maji haishiki hewa hata ukiipiga nusu saa.

*Kutunza.* Bila krimu hukaa siku 2 hadi 3 ikifunikwa. Ukipaka krimu ya jibini laini, lazima ikae kwenye friji, na itolewe saa moja kabla ya kuliwa kwa sababu siagi iliyopoa hukaza keki. Krimu ipakwe keki ikiwa imepoa kabisa, la sivyo itayeyuka na kuteleza.

*Inamfaa nani.* Mwenye shughuli, siku ya kuzaliwa au wageni, mwenye mashine au mkono wenye subira, na ambaye ndizi zake hazijawa maji. Makosa yake hayafichiki, na hilo ni vizuri kulijua mapema.

3. Keki ndogo za vikombe

*Ndizi.* Gramu 300, za hatua ya pili au ya tatu.

*Vipimo na kazi.* Unga gramu 190, bekingi poda kijiko 1 cha chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Ndizi, sukari gramu 120, yai 1, siagi iliyoyeyushwa gramu 75. Zinatoka 12. Changanya kwa namna ileile ya mkate, kwa upole uleule. Jaza vikombe vya trei, vilivyotandikwa karatasi zake, robo tatu. Oveni nyuzi 190, dakika 18 hadi 20.

Ukitaka vichwa vilivyoinuka, anza na nyuzi 210 kwa dakika 5, kisha shusha hadi 180 kwa dakika 12 hadi 14 bila kufungua mlango. Joto la mwanzo linasukuma rojo juu haraka kabla pembeni hapajakaza.

*Unachopata.* Ulaini wa kati, zaidi ya mkate na pungufu ya keki. Uwiano wa ganda na ndani ni mkubwa, kwa hiyo anayependa sehemu ya pembeni iliyokaza kidogo atafurahi hapa.

*Kinachoharibika.* Vichwa vyenye ncha na mashimo marefu ndani: umekoroga mno. Karatasi kung'ang'ania: umeimenya ikiwa moto, au umepunguza mafuta. Chini kulowa: zimeachwa ndani ya chombo, zitoe baada ya dakika 5. Vichwa bapa hutokana na oveni isiyofika joto au soda ya zamani. Soda hupimwa kwa kutia nusu kijiko kwenye siki kidogo; isipotoa povu papo hapo, imekwisha nguvu. Bekingi poda ipime kwa maji ya moto.

*Kutunza.* Ni tamu zaidi siku zilipookwa. Siku ya pili juu huanza kunata kwa sababu sukari inavuta unyevu. Karatasi ya jikoni ndani ya chombo cha kuhifadhia husaidia. Lakini zikigandishwa zinashinda nyingine zote, kwa kuwa kila moja ni fungu lake. Zigandishe siku hiyohiyo, hadi miezi 3, uzitoe moja moja.

*Zinamfaa nani.* Anayefungia watoto chakula cha shule, anayetaka kugawa bila kisu, mwenye haraka, au anayeijua oveni yake kuwa haiivishi sawasawa. Vitu vidogo huiva hadi katikati hata pale mkate ungeshindwa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitumii: rojo la mkate wa ndizi hapo juu linaokeka kwenye vikombe bila kubadilisha kitu, nyuzi 180, dakika 18 hadi 22. Ukikwama kati ya viwili hivi, rojo moja linaweza kujibu yote.

4. Biskuti za oti na ndizi

*Ndizi.* Gramu 220. Hata za hatua ya kwanza zinakubalika, ila zilizoiva zaidi zinaondoa haja ya sukari.

*Vipimo na kazi.* Oti bapa gramu 150, siagi ya karanga vijiko vikubwa 2, zabibu kavu gramu 60, chumvi kidogo, mdalasini. Changanya, acha dakika 10 oti zinyonye unyevu, kisha chota kijiko kikubwa kimoja kimoja kwenye trei yenye karatasi ya kuokea. Zibonyeze kwa nyuma ya kijiko mpaka unene wa sentimita 1. Hazitanuki zenyewe, maana hazina sukari wala siagi ya kuyeyuka, kwa hiyo umbo unaloweka ndilo utakalolitoa. Nyuzi 175, dakika 14 hadi 16. Zinatoka kama 15.

*Unachopata.* Biskuti laini za kutafuna. Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa hiyo tuseme wazi: hazitakuwa kavu za kuvunjika. Ndizi inaingiza maji mengi mno. Kuziacha oveni muda mrefu kunazifanya ngumu nje na bado laini ndani.

*Kinachoharibika.* Kusambaratika ni dalili ya ndizi kidogo au oti zisizopewa muda wa kunyonya. Kulowa ni ndizi nyingi. Ongeza oti kijiko kikubwa kimoja kwa wakati. Oti zilizokatwakatwa nene, zile za kupikwa muda mrefu, zitabaki ngumu, tumia bapa.

*Kutunza.* Siku 2 nje, 4 au 5 kwenye friji. Unyevu wake ni mwingi kuliko wa biskuti za kawaida, usizisahau kwenye kopo.

*Zinamfaa nani.* Anayeepuka mayai, maziwa au sukari ya kuongeza, mwenye ndizi mbili tu, au mwenye nusu saa. Asiyeweza kula karanga atumie mafuta vijiko vikubwa 2 badala yake. Kwa mwenye ugonjwa unaokataza gluteni, oti kwa asili yake haina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi husagwa au kufungwa mahali pamoja na ngano. Anunue iliyoandikwa wazi kwenye pakiti kuwa haina.

Zikiwekwa sambamba

Kwa uvumilivu wa makosa, mkate na keki za vikombe viko karibu, na adui wao ni mmoja: kukoroga. Keki ya siagi inadai zaidi. Biskuti karibu haziharibiki, ila nazo hazikupi kitu cha kuweka katikati ya meza.

Kwa kupunguza sukari, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkate na vikombe vinakubali kupunguziwa robo nzima ndizi zikiwa nyeusi. Rangi itakuwa hafifu kidogo na vitakauka upesi zaidi, kwani sukari pia hushikilia unyevu. Keki ya siagi usiipunguzie zaidi ya gramu 20, kwa sababu bila sukari ya kutosha siagi haishiki hewa. Biskuti hazina cha kupunguza.

Kwa muda wa oveni kuwaka, biskuti na vikombe vinamaliza chini ya nusu saa. Mkate unafika saa nzima. Mwenye kuhesabu umeme au gesi anaweza kuokea vikombe na biskuti kwa kufuatana, oveni ikiwa imeshapata moto.

Kuhusu karanga, jozi au vipande vya chokoleti, gramu 80 hadi 100 zinaingia kwenye mkate bila tatizo. Kwenye keki ya siagi huzama, isipokuwa uvikate vidogo. Hapo tunashauri viachwe, au vinyunyizwe juu tu.

Kama hutaoka leo

Menya kwanza. Ndizi iliyogandishwa na ganda lake ni taabu kuimenya baadaye. Iponde, ipime, ifunge kwa mafungu ya gramu 350, 300, 250 au 220 kulingana na unachokusudia, na uandike uzito juu ya mfuko. Ikiyeyuka itatoa maji ya kahawia. Usiyamwage, ni ladha. Kwa mkate yatie yote, kwa keki yachemshe yapungue kama ilivyoelezwa.

Zikiwa zimefika unapotaka lakini oveni itawashwa baada ya siku mbili, ziweke kwenye friji. Ganda litakuwa jeusi haraka, nyama itachelewa.

Na zikiwa bado changa, zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tofaa lililoiva. Gesi ya ethilini inayotolewa na matunda hayo huharakisha uivaji kwa siku moja hadi tatu. Kuzioka na maganda kwa nyuzi 150 dakika 20 hadi 30 kunazilainisha na kuamsha harufu, ila utamu hautafikia wa ndizi iliyoiva yenyewe. Ukitumia njia hiyo, usipunguze sukari.

Chagua kulingana na hali yako

Una gramu 350 au zaidi, maganda meusi, na jioni nzima mbele yako: mkate. Una gramu 700: oka mikate miwili kwa pamoja, ukiacha nafasi ya vidole vinne kati ya vyombo ili joto lizunguke, na ugandishe mmoja.

Ndizi ni nyeusi lakini unataka keki ya sherehe: chuja na uchemshe maji yake kwanza. Huna muda wa kufanya hivyo, oka rojo la mkate kwenye chombo cha duara cha sentimita 23, uanze kuangalia baada ya dakika 35. Litakuwa zito kuliko keki ya siagi, lakini litasimama.

Ndizi zina madoa nusu, siagi imelainika, mashine ipo: keki ya siagi, na zipunguze kwa mizani zikizidi gramu 250.

Unahitaji vifungua kinywa vya wiki: vikombe 12, vinane vikienda friza vikishapoa kabisa. Vikigandishwa vingali na joto, mvuke hugeuka barafu ndani ya mfuko na vikitolewa vinakuwa vimelowa.

Oveni yako ni ndogo na inaunguza upande mmoja: vikombe au biskuti, ukizungusha trei theluthi mbili za muda zikishapita. Mkate utakusumbua hapo.

Huna mayai: biskuti.

Una ndizi moja tu: gandisha gramu zake 110, uandike uzito, usubiri mwenzake aive.